Uzi maalum: Kubeti "hakuna mkimbio" inningi ya kwanza MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani), pamoja na inningi 5 za kwanza

#1 KijitiTisa (mleta uzi)

Wakuu, msimu wa besiboli ukianza tu maswali yale yale yanarudi, na majibu yanamezwa na mikeka ya mpira. Nayaweka hapa kwa pamoja. Mwenye nyongeza au pingamizi ashushe.

Soko lenyewe: mechi ina inningi (vipindi) tisa. Ya kwanza mgeni anapiga mpaka auti 3 (wapigaji 3 watolewe), kisha mwenyeji anapiga mpaka auti 3. Kama hakuna mchezaji aliyezunguka besi zote akarudi nyumbani (huo ndio mkimbio), "chini ya 0.5" imetiki. Wamarekani wanaiita NRFI, na kinyume chake YRFI. Kwenye programu nyingi huioni ukurasa wa mbele. Fungua mechi, nenda sehemu ya inningi, utaikuta kama jumla ya inningi ya 1 juu/chini 0.5, au kama swali la ndiyo/hapana. Kukiwa kukavu, shughuli nzima inaisha ndani ya kama robo saa.

Sasa kosa la kwanza, na ndilo linalochana mikeka mingi: mtu anatoka kwenye mpira, anadhani dakika za mwanzo timu zinasomana. Besiboli haiko hivyo. Inningi ya kwanza ndiyo inayoongoza kwa mikimbio kuliko zote tisa, kwa sababu ndiyo pekee ambayo kocha amepanga mwenyewe nani aanze kupiga. Namba 1, 2 na 3 wanapiga lazima, na mmoja wao akibaki kwenye besi, namba 4 anaingia. Hao ndio wapigaji bora wa timu. Inningi ya pili mara nyingi inaanza na namba 4, 5 au 6 na kuangukia mkiani, ndiyo maana inakuwa kavu kuliko ya kwanza.

Hata hivyo nusu-inningi moja hubaki bila mkimbio kama mara 72 au 73 katika 100. Unahitaji nusu zote mbili, kwa hiyo unazidisha: 0.72 × 0.72 = 0.518, 0.73 × 0.73 = 0.533. Yaani mechi ya kawaida, warushaji wa kawaida, uwanja wa kawaida, NRFI inatiki kidogo juu ya nusu. Si "uhakika". Ni sarafu iliyoegemea kidogo tu upande wako.

Ukishajua hilo, angalia odi inadai nini:

2.00 inadai utiki 50%
1.91 inadai 52.4%
1.83 inadai 54.6%
1.77 inadai 56.5%
1.71 inadai 58.5%
1.60 inadai 62.5%

Soma mstari wa 1.71. Kampuni ikikupa odi hiyo kwenye mechi ya kawaida, ulishapigwa kabla mrushaji hajapasha mkono. Swali lisiwe "je, patakuwa kavu?" Swali ni kama patakuwa kavu mara nyingi kuliko odi inavyodai.

#2 Jamvi_Kavu

Shukrani mkuu. Mimi nilidhani unachukua tu warushaji wawili wenye ERA ndogo (wastani wa mikimbio anayoruhusu mrushaji kwa inningi 9) unasuka mkeka. Kwa hiyo ERA haifai?

#3 KijitiTisa

Inafaa kidogo sana. ERA ina vitu vitatu ndani yake visivyokuhusu: inningi ya 4 hadi ya 7, walinzi waliokuwa nyuma ya mrushaji, na bahati ya mipira kudondoka au kudakwa. Kwa inningi moja, anza na asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu (mipira mizuri waliyoikosa au kuiacha), toa asilimia anaowapa besi ya bure (kwa mipira minne mibovu, yaani boli). Mrushaji mwenye 28% na 6% amebakiwa na 22, huyo ni wa daraja la juu. Mwenye 18% na 10% amebakiwa na 8, na hata kama ERA yake ni 3.10 ujue kuna deni linakuja.

Sababu yake ni rahisi. Tuseme wapigaji watatu wa kwanza wanafika besi 33% kila mmoja. Uwezekano wa watatu kutoka mfululizo ni 0.67 × 0.67 × 0.67, kama 30%. Mrushaji akiwashusha mpaka 29%, inakuwa 0.71 mara tatu, kama 36%. Kila besi ya bure anayogawa inamleta namba 4, naye hakuwekwa pale kwa urembo.

Halafu kuna homurani (pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja, mkimbio papo hapo). Watu wanahesabu besi wanasahau kwamba pigo moja linamaliza kila kitu. Wapigaji wanne wenye 5% kila mmoja: 0.95 mara nne ni 0.815. Yaani 18.5% ya nusu-inningi inachanika kwa homurani peke yake, kabla hujafikiria mambo mengine. Kwa hiyo jambo la pili la kumtazama mrushaji ni mipira anayopigiwa inaenda wapi. Anayepigiwa chini-chini anakufaa. Anayepigiwa juu, kwenye uwanja mdogo, siku ya joto, mwache hata kama ni jina kubwa.

Na jua unakutana na nani. Kyle Schwarber msimu wa 2024 alipiga homurani 15 akiwa mpigaji wa kwanza kabisa wa timu yake kwenye mechi, rekodi ya msimu mmoja. Mwaka huo huo Aaron Judge alipiga 58 na Shohei Ohtani 54. Ukigawanya kwa mara walizosimama kupiga, hao wawili wako juu ya 7%. Mmoja wao akiwa kwenye tatu bora, ile 5% yangu ya hapo juu haitoshi.

#4 Pembe_la_Ng'ambo

Niongeze kwa walioko huku Marekani: mtaona -120, -135, na kadhalika. Yenye alama ya kutoa, gawa 100 kwa namba hiyo, ongeza 1. -120 ni 1.83. -135 ni 1.74. Yenye alama ya kujumlisha, gawa namba kwa 100, ongeza 1: +105 ni 2.05. Msisahau pia kwamba kila jimbo lina sheria yake tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta zuio la kitaifa Mei 2018, kwa hiyo soko linalopatikana jimbo moja linaweza lisiwepo jimbo la jirani.

Pia mtoe faida ya kampuni kabla ya kulinganisha. Mfano NRFI 1.77 na YRFI 1.95. Moja gawa kwa 1.77 ni 0.565, moja gawa kwa 1.95 ni 0.513, jumla 1.078. Hiyo 0.078 ya ziada ni ya mwenye duka. Gawa 0.565 kwa 1.078 unapata 0.524. Ndivyo soko linavyoamini kweli: 52.4%, lakini wewe unatakiwa utiki 56.5% ndipo usipoteze. Pengo la pointi nne kwenye soko la sarafu ni kubwa mno. Mpira mkubwa wa Ulaya haukati hivyo.

#5 Tiki_Tatu

Wakuu mnazunguka sana. Kuna kurasa zinatoa rekodi, timu fulani NRFI 9 kati ya 10 za mwisho. Unafuata hizo tu, kazi imeisha.

#6 KijitiTisa

Mkuu hapo napinga kwa nguvu zote. Rekodi ya timu 9 kati ya 10 imechanganya warushaji watano tofauti wa timu hiyo, warushaji kumi wa wapinzani, na viwanja viwili vitatu. Leo anarusha mtu mmoja tu.

Hata ukichukua rekodi ya mrushaji mwenyewe, fanya hesabu. Mtu anaanza mechi kama 30 kwa msimu. Kwa hiyo una inningi za kwanza 30 tu. Kama ukweli wake ni 73%, bahati peke yake inaweza kumsogeza pointi 8 juu au chini bila mshangao wowote, na pointi 16 kwa msimu wa ajabu kidogo. Mwenye 24 kati ya 30 na mwenye 20 kati ya 30 wanaweza kuwa mrushaji yule yule. Takwimu zake zote za msimu, wapigaji zaidi ya 700, zinakwambia mengi kuliko hizo 30.

Na mwenye duka anazisoma kurasa hizo hizo. Timu ikiwa na 9 kati ya 10, odi imeshashuka. Unanunua nyanya bei ya Ramadhani.

#7 Ndoano

Kwa wanaotoka kwenye mpira na wamezoea Poisson (hesabu ya kukadiria magoli kutoka kwenye wastani): MSIITUMIE hapa kavu-kavu. Wastani wa mikimbio ya inningi ya kwanza kwa timu moja ni kama nusu mkimbio. Ukiweka 0.5 kwenye Poisson inakupa 61% ya kutofunga. Ukweli ni 72-73%. Kwa timu zote mbili Poisson inakupa 37%, ukweli ni zaidi ya 50%. Tofauti ya ardhi na mbingu.

Sababu: magoli huja moja moja, mikimbio huja kwa makundi. Besi zikijaa, pigo moja linaleta wawili watatu. Wastani unabebwa na inningi chache zilizolipuka, wakati nyingi ni sifuri. Anayetumia Poisson ataona YRFI ni dhahabu kila siku, na kila siku atalia.

Kinachofanya kazi ni kuanza na 0.72 halafu kusogeza. Mfano wa namna ya kusogeza, si sheria:

Mrushaji wa mwenyeji ni mzuri (straiki toa bure = 21): anza 0.75.
Wapigaji watatu wa mgeni ni wa kati, mmoja hatari: 0.74.
Jioni ya Aprili, baridi, uwanja mkubwa: 0.76.

Mrushaji wa mgeni ni wa kawaida: 0.72.
Wapigaji wa mwenyeji wa juu ni wakali: 0.69.
Hali ya hewa ile ile: 0.71.

0.76 × 0.71 = 0.54. Odi inayolingana ni 1.85. Soko likikupa 1.77, unapita. Likikupa 1.95, unaingia. Mambo yote mazuri ya yule wa kwanza yameliwa na wa pili. Wengi wanamtazama mrushaji nyota mmoja tu. Tarik Skubal au Paul Skenes akiwa upande mmoja, odi inashuka bila kujali nani yuko upande wa pili, na huko wa pili ndiko mkeka unakochanikia.

#8 Jamvi_Kavu

Kwa nini umempunguzia mrushaji wa mgeni? Kwa sababu yuko ugenini tu?

#9 Ndoano

Hapana, pale ni wapigaji. Ila swali lako lina ukweli ndani yake. Faida ya nyumbani kwenye besiboli inaonekana zaidi inningi ya kwanza kuliko nyingine. Mrushaji wa mwenyeji anapasha, anatembea hadi kwenye kilima chake (anaposimama kurusha), anaanza muda aliopanga. Wa mgeni anapasha, anarudi kukaa, anasubiri wenzake wapige. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa kumi na tano. Mwili unapoa. Na kilima si chake. Kwa hiyo nusu ya chini ya inningi (mwenyeji akipiga) huwa na mikimbio mingi kidogo kuliko ya juu. Nusu mbili zisipewe namba moja.

#10 Mwamuzi_wa_Mtaa

Nyongeza kuhusu mwamuzi. Anayesimama nyuma ya mdakaji ndiye anayeamua straiki na boli, na kila mmoja ana ukubwa wake wa dirisha, yaani eneo la straiki. Lenye upana linamsaidia mrushaji. Watu wanasubiri litangazwe jina, lakini unaweza kulijua siku moja kabla: waamuzi wanne wa kundi wanazunguka. Aliyekuwa besi ya kwanza leo, kesho yuko nyuma ya mdakaji. Aliyekuwa nyuma ya mdakaji anaenda besi ya tatu. Kwa hiyo mechi ya pili na ya tatu ya mfululizo si siri. Ya kwanza ndiyo ya kusubiri.

Ila msilipe uzito mkubwa. Pointi moja, au nusu. Na tangu 2026 timu zinaruhusiwa kupinga maamuzi ya straiki kwa mashine, mara chache kwa mechi, kwa hiyo athari ya mwamuzi na ya mdakaji mjanja wa kuvuta mpira ndani ya dirisha inazidi kupungua.

#11 Bahari_Mbili

Viwanja jamani, mbona hamvisemi?

Coors Field, Denver: usiguse chini. Uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari (chini kidogo ya Nairobi, kwa anayetaka picha). Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi, na mipira ya kupinda haipindi inavyotakiwa. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba cha unyevu, imesaidia lakini haijaponya. Tena uwanja wa nje ni mpana, kwa hiyo hata mpira usiotoka unadondoka mahali pasipo mtu.

Seattle na San Francisco: hewa ya baharini, baridi, mpira unakufa. Wenye duka wanajua, lakini angalau uko upande sahihi.

Wrigley Field, Chicago: huu si uwanja mmoja, ni viwili. Upepo ukitoka Ziwa Michigan kuingia ndani, homurani zinadakwa. Ukigeuka kuvuma kuelekea nje, mrushaji anaomba dua. Jumla ya mechi inaweza kupangwa 7 siku moja na 11 siku nyingine, timu zile zile. Angalia upepo saa moja kabla ya mechi, usitumie utabiri wa asubuhi.

Cincinnati: mdogo, wa joto kiangazi. Mrushaji wa mipira ya juu hapo ni kuni kavu.

Penye paa la kufunga (Houston, Arizona, Milwaukee, Miami, Texas, Toronto) uliza kwanza limefungwa au wazi. Watu wanapoteza nusu saa kusoma upepo wa uwanja uliofungwa.

#12 Saa_Nane_Usiku

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, ratiba ndiyo adui. Mechi za saa 1:05 jioni kwa saa za New York ni saa 8:05 usiku kwetu. Za pwani ya magharibi, saa 1:10 jioni ya huko, ni saa 11:10 alfajiri. Za mchana, saa 7:05 ya New York, ni saa 2:05 usiku, na zile za mchana za Wrigley huanza saa 3:20 usiku. Hizo mbili za mwisho ndizo mtu anaweza kuzifuata bila kuharibu kazi ya kesho. Walioko Oman waongeze saa moja.

Orodha ya wapigaji hutoka kama saa mbili hadi nne kabla ya mechi. Maana yake kwa mechi za saa 8 usiku, orodha inakamilika kati ya saa 4 na saa 6 usiku. Anayeweka dau saa 12 jioni halafu akalala anabeti bila kujua nani anapiga. Nyota anaweza kupumzishwa, hasa mechi ya mchana baada ya mechi ya usiku. Hiyo inakusaidia wewe wa chini. Inaweza pia kukuumiza: mrushaji wa mkono wa kushoto akianza, makocha wanabadili wapigaji watatu wa juu ili wapige kwa mkono wa kulia.

#13 Tiki_Tatu

Je, mrushaji akibadilishwa dakika za mwisho? Hela inarudi?

#14 Pembe_la_Ng'ambo

Inategemea kanuni za kampuni, na hapa ndipo ugomvi na huduma kwa wateja unapozaliwa. Kuna mifumo miwili. Wa kwanza: dau limefungwa kwa warushaji waliotajwa, mmoja asipoanza, odi inahesabiwa 1.00. Wa pili: dau linasimama vyovyote itakavyokuwa. Soma sehemu ya besiboli kwenye kanuni kabla, tafuta neno la mrushaji anayeanza. Usipolikuta, chukulia linasimama.

Kuna na hili la opena. Mei 2018 Tampa Bay Rays walimuanzisha Sergio Romo, ambaye kazi yake ilikuwa ya mrushaji wa akiba, arushe mwanzo tu halafu mrushaji wa kawaida aingie. Tangu hapo timu kadhaa zinafanya. Wengi wakiona jina wasilolijua wanakimbilia YRFI. Ni kinyume. Opena huchaguliwa makusudi kwa ajili ya wale watatu wa juu, anarusha kwa nguvu zote kwa sababu hana haja ya kubakiza. Kwa inningi moja anaweza kuwa bora kuliko mrushaji namba 4 wa timu. Kwa inningi 5 ni habari nyingine, maana hujui nani anafuata.

#15 Ndoano

Na mvua: kwa inningi ya kwanza, kampuni nyingi zinalipa mara inningi ikikamilika, hata mechi ikivunjika ya tatu. Inningi 5 za kwanza ni lazima zote 5 zikamilike, isipokuwa kama matokeo yalishaamuliwa. Umeshika chini ya 4.5, ziko 1-0, mvua inavunja mechi inningi ya nne: hela inarudi, hakuna ushindi. Aliyeshika juu na tayari ziko 6, kampuni nyingi zinamlipa. Chini ndiyo inayoumia mvua ikinyesha.

#16 KijitiTisa

Basi tuingie hizo 5 za kwanza, kwa maoni yangu ndiko mtu wa "chini" anakopaswa kutumia muda wake zaidi.

Faida yake: homurani moja haikuui. Unabeti warushaji wawili wanaoanza, bila warushaji wa akiba ambao ndio wanaoharibu mechi nzima, na bila ule mkimbiaji anayewekwa besi ya pili inningi za nyongeza tangu 2020. Mstari wa kawaida ni 4.5, wakati mwingine 4 au 5, ambapo ikifika namba kamili hela inarudi.

Namna ya kukadiria: jumla ya mechi ikiwa 8.5, tano ya tisa ni 4.7. Kwa kweli ni zaidi kidogo, kwa sababu inningi ya kwanza ni nono na kwa sababu mwenyeji anayeongoza hapigi nusu ya chini ya inningi ya tisa. Kwa hiyo ukiona jumla 8.5 na F5 (inningi 5 za kwanza) 4.5, soko liko sawa, hujapewa zawadi. Zawadi inakuwepo mechi ikiwa na warushaji wazuri wawili na akiba mbovu pande zote: jumla inapandishwa na akiba, F5 inaburutwa juu nayo.

Hatari yake iko inningi ya tano. Auti 15 kwa mrushaji wa kawaida ni wapigaji kama 21. Mpigaji wa 19 ni namba 1 akirudi mara ya tatu, ameshaona kila aina ya mpira aliyonayo mrushaji. Wapigaji wanaboreka kila wakirudi. Mrushaji mwenye aina mbili tu za mpira anaweza kung'ara inningi nne akalipuka ya tano. Mwenye nne, ana pa kujificha. Hilo halionekani kwenye ERA.

#17 Jamvi_Kavu

Na kuzisuka? NRFI sita kwenye mkeka mmoja, odi 34, dau elfu mbili.

#18 Ndoano

Piga hesabu. Tuseme kila moja ina 55% na odi 1.80. Moja moja: 0.55 × 1.80 = 0.99, unapoteza 1% kwa kila dau. Sita pamoja: uwezekano ni 2.8%, odi 34.01, ukizidisha unapata 0.94. Hasara ya 1% imekuwa 6%. Kusuka hakutengenezi faida. Kunakuza ulichonacho, na kama ulichonacho ni hasara, kunakuza hasara.

Kodi nayo. Angalia kiwango cha nchi yako mwaka huu, hubadilika karibu kila bajeti, na nchi moja inakata kwenye kuweka hela, nyingine kwenye ushindi. Tuseme inakatwa 10% ya faida: 1.85 yako ni 1.765 mfukoni. Ulikuwa unahitaji 54.1%, sasa unahitaji 56.7%. Kwenye soko la sarafu hizo pointi mbili na nusu ndizo zilikuwa faida yako yote.

#19 Mwamuzi_wa_Mtaa

Kuhusu kashauti (kuchukua hela kabla dau halijaisha) baada ya nusu ya juu kupita kavu. Dau 10,000 kwa 1.85, malipo 18,500. Imebaki nusu moja yenye 73%. Thamani ya haki ni 13,505. Kampuni ikikupa 12,200, imekula 1,305 kwa kubonyeza kitufe. Inalipa tu kama umejua kitu kilichobadilika, mfano mrushaji wa mgeni anashika kiwiko akipasha. Na ukijua hivyo, kitufe huwa kimeshafungwa.

#20 Bahari_Mbili

Dau kiasi gani? Kuna hesabu ya Kelly wanaitaja.

#21 Ndoano

Faida ya odi mara uwezekano, toa uwezekano wa kukosa, gawa kwa faida ya odi. Kwa 1.85 na 57%: (0.85 × 0.57 − 0.43) ÷ 0.85 = 6.4% ya mtaji. Inaonekana tamu. Sasa kama ulikosea na ukweli ni 55%, jibu ni 2.1%. Kama ni 54%, jibu ni chini ya sifuri, hupaswi kuweka hata mia. Hakuna mtu duniani anayejua inningi ya kwanza kwa usahihi wa pointi mbili. Ndiyo maana wanaotumia Kelly hapa wanachukua robo yake, na wengi wanaweka 1% ya mtaji kila dau bila kujali wanavyojisikia.

Andika kila dau: odi uliyochukua, na odi ya mwisho kabla ya mechi kuanza. Matokeo yenyewe yanadanganya kwa muda mrefu. Hata baada ya madau 500, bahati inaweza kukusogeza asilimia 4 ya ulichoweka, juu au chini, bila shida. Lakini ukiona umechukua 1.90 na soko likafunga 1.80 mara nyingi kuliko kinyume chake, unajua uko njiani. Ikiwa kinyume, acha, hata kama mwezi huu una faida.

#22 Saa_Nane_Usiku

Kuna masoko ya mpira mmoja mmoja pia, straiki au boli, kasi juu/chini. Yakoje hayo?

#23 Pembe_la_Ng'ambo

Kaa mbali. Mpira mmoja mtu mmoja anaweza kuuamua. Novemba 2025 waendesha mashtaka wa Brooklyn waliwashtaki warushaji Emmanuel Clase na Luis Ortiz wa Cleveland kwa madai ya kupanga mipira kwa ajili ya wabeti; wao walikana. Siku iliyofuata MLB ilitangaza kwamba kampuni zinazoshirikiana nayo zimeweka kikomo cha dola 200 kwa madau ya mpira mmoja, na haziruhusu kuyasuka. Inningi nzima inahitaji watu wengi zaidi kuharibika, lakini kanuni ni ile ile: soko likiwa dogo, unayecheza naye anaweza kujua zaidi yako.

#24 Tiki_Tatu

Sawa, nimekubali kuhusu rekodi za 9 kati ya 10. Swali la mwisho: Japani? Mechi zao ni saa 6 mchana kwetu, tena wanasema zina mikimbio michache.

#25 KijitiTisa

Ni kweli ni kavu kuliko MLB, na mechi za saa 12 jioni ya huko ni saa 6 mchana kwetu, Korea saa 6:30. Lakini mstari umeshapangwa kwa ukavu huo. Utakuta jumla 6 au 6.5 na NRFI odi ya chini, kwa hiyo ile 0.72 ya kuanzia usiihamishe, tafuta ya ligi ile.

Kitu kimoja cha kuangalia huko: namba 1 akifika besi, namba 2 mara nyingi anaugusa tu mpira ili kumsogeza besi ya pili, anajitoa mwenyewe. Watu wanaogopa hilo kwenye chini ya 0.5. Hakuna haja sana. Kwa namba za MLB, mtu besi ya kwanza bila auti huleta angalau mkimbio mmoja kama 42%. Mtu besi ya pili na auti moja, kama 40%. Karibu sawa. Kinachopungua ni zile inningi za mikimbio mitatu minne, kwa hiyo mchezo huo unamsaidia zaidi mwenye chini ya inningi 5 kuliko mwenye chini ya 0.5.

Korea ni tofauti: tangu 2024 straiki na boli zote zinaamuliwa na mashine, ule mzunguko wa waamuzi wa #10 hauna kazi huko.